Mzee Nyanyua, Mpekuzi Aliyekwepa Kupekuliwa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Aliye jikoni apunguze moto, aliye kazini ajifanye yuko kazini, na aliyelala aamshwe. Leo tunamkumbuka mtu aliyewashuku watu wote, na mwisho watu wote wakamshuku yeye.

Alikuwa mpekuzi wa getini kwenye kiwanda cha sabuni. Narudia kwa waliofungulia redio sasa hivi: mpekuzi wa getini. Kazi yake ilikuwa kuwapapasa wafanyakazi wanaume jioni wanapotoka, sabuni ya tajiri isije ikatoka nao. Kiwandani walimwita Mzee Nyanyua, kwa sababu hilo ndilo neno alilomwambia kila mtu, kuanzia meneja hadi mfagizi. Nyanyua. Unanyanyua mikono, anakupapasa kutoka kwapani hadi kwenye soksi, na hata kama mchana mlikula sahani moja, hakuangalii usoni.

Habari zake nyingi nimezipata kwa mwenzake wa kazi, mama mmoja mcheshi ambaye kiwandani alijulikana kama Dada Geti. Mzee alipekua wanaume, Dada Geti alipekua wanawake. Walikaa kibanda kimoja cha mabati, benchi moja, feni moja iliyokuwa ikizunguka inapojisikia. Kila anachojua kuhusu upekuzi, anasema, alifundishwa na Mzee. Alimfundisha kwamba mwenye kitu huanza kuzungumzia hali ya hewa. Alimfundisha kwamba anayecheka sana mbele ya geti apapaswe mara mbili. Siku moja Mzee aliifungua chupa ya chai ya meneja, akainusa, akaifunga, akasema, "Chai. Pita." Meneja alipita amenuna.

Na alikuwa na sheria yake mwenyewe. Mpekuzi naye apekuliwe, tena na mwenzake, tena mbele ya watu. Hapo vijana waliangua vicheko, mwanamke kumpapasa mwanaume hadharani. Mzee akawakata kauli: "Hapa hakuna mwanamke wala mwanaume. Hapa kuna geti." Basi kila jioni, wa mwisho kunyanyua mikono alikuwa yeye. Dada Geti anasema ndiyo maana watu walimvumilia.

Sasa nifuateni hapa, maana ndipo mambo yalipoharibika. Asubuhi moja Mzee alibebwa kutoka kazini tumbo limemjaa kama ngoma, anatapika, hawezi hata kusema. Alipasuliwa siku hiyohiyo. Akapotea kazini muda mrefu, akarudi amekonda, mpole. Watu walipomuuliza kulikoni, alijibu, "Tumbo tu." Hakuongeza neno, na hakuna aliyethubutu kumpekua maneno.

Alirudi na koti. Koti zito, wasikilizaji, kipindi ambacho hata mbwa walikuwa wanatafuta kivuli. Akaanza kusimama ubavu wake wa kushoto ukielekea ukutani. Halafu alinukia. Alinukia sabuni ya kuogea, ile ya bei, harufu inayokutangulia mlangoni. Dada Geti alivuta pumzi, akajisemea moyoni kwamba mshahara wa getini haunukii hivyo.

Kisha ikaja siku Mzee akatangaza kwamba ile sheria imekwisha. Wapekuzi hawapekuliwi tena. "Tumeshazeeka na Dada," alisema, "tunaaminiana." Na huyu ni mtu ambaye hakuwahi kuliamini hata jua, alikuwa akitoka nje kulihakikisha. Dada Geti alicheka na wengine, lakini usoni tu. Wiki hizohizo sabuni za kuogea zikaanza kupungua stoo.

Meneja alimwita Dada Geti ofisini, akafunga mlango. "Mwenzako simwelewi," akasema. "Mchunguze. Nataka jibu kabla sijaita polisi." Akaongeza, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba geti lenye mwizi husafishwa lote. Dada Geti alielewa vizuri sana. Yeye naye angemwaga unga.

Aliumia. Nasema hivi kwa sababu aliniambia mwenyewe, na sauti yake ilikuwa bado na uchungu. Yule mzee ndiye aliyemwombea kazi. Lakini shaka ikishaingia kichwani haitoki kwa kuombwa. Akaanza kumhesabia Mzee kila kitu. Kwa nini anakwenda chooni na begi? Kwa nini anakaa huko mpaka mtu unasahau kama alikwenda? Kwa nini akiulizwa anakuwa mkali? Kwa nini anapowapekua wanaume siku hizi anaishia magotini? Kila alichokiona kilimwambia jambo lilelile.

Jioni moja watu wote walipokwisha kutoka, Dada Geti alisimama kwenye mlango wa kibanda, akaufunga kwa mgongo. "Mzee," akasema, "nyanyua."

Mzee alimtazama. "Dada, sheria ile niliifuta."

"Uliifuta peke yako. Nyanyua."

"Wamekutuma?"

"Wamenituma, na nisingetumwa ningekuja. Nyanyua, Mzee wangu, usinitese."

Alinyanyua, polepole. Dada Geti alipapasa kama alivyofundishwa. Kwapani, mgongoni, kiunoni nyuma. Na mikono yake ikataka kuruka mahali fulani, upande wa kushoto wa tumbo, chini kidogo ya kitovu. Huko ndiko alikofundishwa kwamba hakuna haja, mtu hafichi kitu tumboni kwa mbele, kinaonekana. Nani alimfundisha? Mzee mwenyewe. Akapata hasira. Akairudisha mikono palepale, akabonyeza. Palikuwa na kitu, kikubwa, kimefungwa kwa nguvu.

"Kitoe," akasema.

"Hakitoki."

"Mzee, usinitanie."

"Dada, nakwambia hakitoki. Ni changu. Ni mimi huyo." Akafungua koti, akanyanyua shati.

Alikuwa amejifunga tumbo kwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, mizunguko juu ya mizunguko. Chini ya mpira kulikuwa na mfuko wa plastiki umebandikwa kwenye ngozi. Na pembeni ya mfuko, chini ya ngozi, uvimbe mkubwa uliokuwa ukijaa zaidi kila alipokohoa. Ngozi yote pale ilikuwa nyekundu, imechubuka. Dada Geti alitaka ardhi ipasuke aingie.

Wasikilizaji wapendwa, wako wasiojua, na si dhambi kutokujua. Mtu utumbo wake ukiziba au kuharibika, wapasuaji hukata kipande kilichooza, na ikiwa kilichobaki hakiwezi kuungwa, wanautoa mwisho wa utumbo nje kupitia kitundu tumboni. Kitundu hicho huitwa stoma. Haja inatokea hapo, inaingia kwenye mfuko. Narudia: inatokea tumboni, inaingia kwenye mfuko. Mtu anakula, anafanya kazi, anaishi. Lakini tundu nalo linaweza kuleta matatizo yake. Linaweza kubana, linaweza kuzama ndani, utumbo unaweza kuchomoza nje. Au inakuwa kama ilivyokuwa kwa Mzee: nyama za tumbo zinaachia pembeni ya tundu, utumbo mwingine unapenya hapo na kujaa chini ya ngozi. Hiyo ni henia ya pembeni ya stoma. Utumbo ule ukinaswa, damu haiufikii, na hapo hakuna tena muda wa mazungumzo.

Mzee alikuwa na henia hiyo. Uvimbe ulifanya mfuko usishike, mfuko ukavuja, ndiyo maana akawa anaoga kila mara na sabuni ya kunukia, aliyoinunua dukani kama watu wote. Koti lilikuwa la kuficha. Mpira wa baiskeli ulikuwa wake mwenyewe, hakuna daktari aliyemwambia. Alijifunga ili mkono ukipita usihisi kitu, na kumbe alikuwa anausukuma utumbo ule mahali pabaya zaidi. Mkewe alijua kuna stoma. Uvimbe hakuujua, maana Mzee alikuwa akibadilisha mfuko bafuni, mlango umekomewa.

"Na sabuni za stoo?" Dada Geti akauliza. Aliona aibu kuuliza, lakini akauliza.

Mzee akakaa kwenye benchi. "Siwezi kuinama," akasema. "Nikiinama panajaa, panauma. Soksi sizishiki tena. Wameshajua."

Kesho yake Dada Geti aliketi kwenye kigoda pale getini, akamwambia meneja anamsaidia mwenzake, akashughulika na soksi tu. Nawaambieni, wanaume wa kitengo cha kufungasha walikuwa wanatembea na vipande vya sabuni miguuni kama farasi wenye kwato. Wizi uliisha siku ile. Siri ya Mzee hakuitoa kwa meneja. Lakini alimwekea sharti: lazima aende kwa mpasuaji.

Mzee akagoma. Piga ua, hatokwenda. Na sababu zake alikuwa amezipanga. "Mara ya kwanza walinilaza utumbo ukiwa ndani," akasema. "Nikaamka, uko nje. Hakuna aliyeniuliza. Sasa wanataka nilale tena? Nitaamka na nini nje, ini?" Aliamini wale wa kwanza walikosea na sasa wangeficha kosa. Aliamini daktari akisema "usijali" ndipo pa kujali. Aliamini wanamtaka awe wa kujifunzia. Dada Geti alibembeleza, akatishia, akanuna. Alikuwa akimwangalia kila akikohoa, roho juu, akisubiri aanguke.

Siku moja uvimbe ukawa mgumu, mfuko ukakaa mtupu, Mzee akajikunja chini ya benchi akitweta. Kabla gari halijapatikana maumivu yakalegea yenyewe, tumbo likanguruma, mambo yakafunguka. Akainuka, akajipangusa, akasema, "Unaona? Limepona." Dada Geti akalipuka.

"Mzee, wewe mtu usiyemwamini unamfanyaje getini? Unamkimbia?"

"Nampekua."

"Haya! Hao madaktari huwaamini. Sasa kwa nini unawakimbia? Nenda ukawapekue!"

Wakati wa kufunga geti Mzee aliuliza hospitali inafungua saa ngapi.

Walikwenda watatu: Mzee, mkewe na Dada Geti. Mpasuaji alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye mzaha, na hilo peke yake lilimtia Mzee mashaka. Mkewe anakumbuka: "Daktari alipocheka, mume wangu alinibana mkono. Akaninong'oneza, huyu ana kitu." Kisha akaanza kuhoji. Nani alikosea mara ya kwanza? Daktari akasema hakuna aliyekosea, siku ile walikuwa wanapigania uhai wake, hawakuwa na nafasi ya kuchagua mahali pazuri. Tundu likaangukia kwenye mkunjo wa tumbo, karibu na mkanda wa suruali. Je, sasa watafanya nini? Watarudisha utumbo uliopenya, watafunga ile njia, watatengeneza stoma mpya upande wa kulia, na pembeni yake wataweka wavu mwembamba wa kuimarisha nyama, henia isirudi kirahisi.

"Wavu," Mzee akasema. "Mnaingiza kitu ndani yangu. Kitatoka lini?"

"Hakitoki. Kitabaki."

"Nikione."

Basi wavu ukaletwa wa mfano. Mzee akaushika, akauvuta, akauangalia kwenye mwanga wa dirisha. Akauliza kama henia inaweza kurudi hata hivyo. Daktari akaacha kucheka, akasema ndiyo, inaweza. Mkewe anasema hapo ndipo uso wa mumewe ulipolegea kidogo, maana alikuwa anasubiri aambiwe haiwezekani.

Safari hii mahali pa tundu palichaguliwa kwanza. Muuguzi alimsimamisha Mzee, akamkalisha, akamwinamisha kidogo, akamwambia avae suruali na mkanda kama anavyovaa kazini. Akatafuta mahali ambapo ngozi haikunji na ambapo Mzee mwenyewe anapaona bila kioo, akapaweka alama kwa kalamu ya wino. Mzee alilalamika kwamba anachorwa kama gunia la sokoni. Lakini kila muuguzi alipogeuka, alikuwa akiinamisha kichwa kuhakikisha alama inaonekana.

Asubuhi ya upasuaji daktari alipita kitandani. Mzee alikuwa ameshavalishwa gauni la hospitali, lile la kufungwa nyuma, ambalo halimpi mtu heshima yoyote. Akajiinua akakaa. Akasema, "Daktari, nyanyua."

Mkewe alijifunika uso. Dada Geti alitaka kujificha chini ya kitanda. Na daktari, wasikilizaji, alinyanyua mikono. Mzee akampapasa, kwapani, mgongoni, mfukoni. Akamkuta na kalamu na pipi moja ya mnanaa ambayo ganda lake lilikuwa limeshafunguliwa nusu.

"Hii pipi itabaki hapa," Mzee akasema, akaiweka kwenye kijimeza cha kando ya kitanda. "Utaichukua ukitoka."

"Sawa, mzee," daktari akasema, na hakucheka.

Upasuaji ulichukua muda. Wodini, kando ya kitanda kitupu, mkewe alimshuku kila aliyepita na koti jeupe akitembea haraka, na akamshuku zaidi aliyetembea polepole. Daktari alipotoka alikwenda moja kwa moja kwenye kile kijimeza, akachukua pipi yake. Ndipo wanawake wale wawili wakajua mambo ni salama, wakakumbatiana wakilia.

Mzee alipona. Alirudi kazini bila koti. Jioni ya kwanza aliwazuia watu wote getini, akanyanyua mikono, akamwambia Dada Geti kwa sauti ya kusikika, "Upande wa kulia kuna mfuko. Upekue, ila polepole." Vijana waliotaka kucheka walikosa pa kuanzia. Akaendelea na kazi hiyo mpaka alipostaafu.

Lakini mtu wa siri ni wa siri. Baada ya kustaafu alikuwa anaondoka nyumbani kila Jumapili mchana, amevaa vizuri, amejipulizia marashi. Anakwenda wapi? "Kuangalia mpira." Timu gani? "Zote." Mkewe si mjinga. Mpira haujawahi kuchezwa Jumapili zote za mwaka. Alinusa mashati, hakukuta kitu. Aliwauliza marafiki wa mumewe, wakaangaliana. Kwa miaka alilala kando ya mtu aliyempenda na asiyemwamini, na hilo aliniambia waziwazi, bila kuzungusha maneno.

Mwezi uliopita Mzee Nyanyua alifariki usingizini. Ulikuwa moyo, si tumbo. Narudia, kwa sababu maneno yameshaanza kuzunguka mtaani: ulikuwa moyo, si tumbo.

Msibani watu walijaa uani. Na katikati ya watu hao alikuwepo mwanamke mmoja, kijana kuliko mjane, mzuri, ambaye hakuna mtu wa ukoo aliyemjua. Alikuwa analia kuliko wafiwa. Mjane alimkazia macho, kisha akamvuta Dada Geti chumbani. "Wewe ulikuwa naye kazini," akasema. "Niambie ukweli leo, mume wangu hawezi kugombana na wewe tena. Yule ni nani?" Dada Geti akaapa hamjui. Na yeye mwenyewe, anakiri, alishaanza kumtilia shaka marehemu.

Mjane akatoka. Akasimama mbele ya yule mwanamke, uani, watu wakisikia.

"Wewe ndiye Jumapili zake?"

Yule mwanamke akajifuta uso. "Ndiyo, mama. Mimi na wenzangu."

"Na wenzako!"

"Ndiyo, mama. Yule pale mlangoni. Na wale wawili kwenye benchi. Na huyu baba mwenye fimbo."

Yule mwanamke akainua kidogo upindo wa blauzi yake, kiasi cha mjane kuona na si zaidi. Palikuwa na mfuko.

"Mimi utumbo wangu ulichomoza," akasema taratibu. "Nilikataa kupasuliwa. Nilisema madaktari wananidanganya. Siku moja akaja mzee simjui, akavuta kiti, akaniambia, hata mimi siwaamini, mimi nimekuja kuwakagua. Akanionyesha tundu la kwake. Akanifundisha maswali ya kuwauliza. Alikuja kila Jumapili mpaka nikatoka, halafu akahamia kitanda kingine."

"Kwa nini hakuniambia?" mjane akauliza. "Mimi mkewe! Kwa nini hakuniambia?"

"Tulimwuliza, mama. Alisema anachokikuta mwilini mwa mtu si chake kukisema."

Dada Geti anasema hakujua kama mjane atampiga yule mwanamke au atamkumbatia. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alirudi kwenye mkeka wa wafiwa, akawaambia dada zake wasogee, wakasogea. Akapapiga pale mahali patupu kwa kiganja. "Njoo ukae huku," akasema. "Na wenzako waje."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote mnaotusikiliza, nampa pole mjane, watoto na wajukuu. Pole kwako Dada Geti. Pole kwa daktari, ambaye nasikia alikuja msibani akanyanyua mikono mlangoni mwenyewe kabla ya kuingia. Na pole kwa wote mliokuwa mkimsubiri Jumapili.

Tutafakari pamoja. Yuko mtu ananisikiliza sasa hivi amejifunga kitambaa tumboni, au mpira, au mkanda wa mwanawe wa shule. Ana tundu linalobana, au linalovuja, au uvimbe uliotokea pembeni na anaomba upungue wenyewe. Hawaamini madaktari, na sitamlaumu. Aende na mashaka yake. Awaulize maswali yote. Lakini aende kabla uvimbe haujawa mgumu.

Mjane aliniomba nifikishe ujumbe mmoja, nami naufikisha kama alivyousema. "Waambie wale walio wodini sasa hivi na hawana wa kukaa nao. Jumapili nitakuja mimi. Mimi sina mfuko wa kuwaonyesha, lakini nitavuta kiti."